Uzi wa Gramu Kumi

Muuguzi alimwambia Mama afumbe macho. "Nikikugusa, sema ndiyo." Mkononi alishika kijiti kifupi cha plastiki, na kwenye ncha yake uzi mmoja wa nailoni, mgumu kidogo, mfano wa mshipi wa kuvulia samaki. Aliusimamisha ule uzi kwenye unyayo wa Mama, chini ya kidole gumba, akausukuma taratibu mpaka ukajikunja. Mama kimya. Akahamia pembeni, akausukuma tena, ukajikunja tena. Kimya. Kisha muuguzi akaondoa mkono kabisa, akageuka kuandika kwenye daftari, na hapo ndipo Mama aliposema, "Ndiyo."

Nilicheka. Muuguzi hakucheka.

"Huu ni uzi wa gramu kumi," aliniambia. "Ukijikunja ujue umesukuma kwa gramu kumi, si zaidi. Asiyeusikia huu, mguu wake hauna mlinzi."

Tulifika kliniki ile kwa sababu ya pini. Mama ni fundi cherehani, Temeke, na cherehani yake ni ile ile ya chuma ya kukanyaga kwa miguu aliyoinunua kabla sijazaliwa. Januari ya mwaka juzi, msimu wa sare za shule, pini ilitoboa kandambili yake asubuhi ikazama chini ya kidole cha mwisho cha mguu wa kulia. Alishona mpaka usiku. Alipoona alama za damu sakafuni alidhani kuna mtoto wa jirani kajikata, akaanza kuita watoto mmoja mmoja awakague. Kisukari alikuwa nacho miaka kumi na mmoja. Ganzi iliingia polepole, hakuna siku ambayo angeweza kusema imeanza leo. Kidonda cha pini kiligoma kupona, na mwezi wa Aprili kile kidole kilikatwa.

Mimi ni fundi wa redio na simu, nimesomea elektroniki. Nilitoka kliniki siku ile nikiwa na wazo moja, nalo niliona ni langu peke yangu: kama mguu wa Mama hausikii, nitamshonea soli inayosikia. Baadaye, nilipoanza kusoma, niligundua kwamba wazo hilo ni la zamani, kwamba lilijaribiwa na watu wenye fedha na maabara, na kwamba ule uzi wa muuguzi ulitoka karibu na walikolijaribia.

Uzi una historia ndefu kuliko unavyoonekana. Miaka ya 1890 Max von Frey alitaka kujua ngozi inaanza kusikia wapi, akabandika nywele za unene tofauti kwenye vijiti, zikiwemo za farasi. Unywele una tabia moja nzuri: ukishaanza kujikunja, nguvu yake haipandi tena, hata mkono unaousukuma uwe wa bondia. Karne iliyofuata, Wamarekani Josephine Semmes na Sidney Weinstein waliacha nywele wakatumia nailoni, wakiwapima watu waliojeruhiwa ubongo. Lakini mpaka wa gramu kumi kwa unyayo ulitokana na kazi iliyofanywa Carville, Louisiana, katika hospitali ya wagonjwa wa ukoma iliyokuwa kando ya mto Mississippi. Mwaka 1986 watafiti wawili wa hapo, Birke na Sims, walichapisha vipimo vyao: watu ambao nyayo zao zilikwisha kupata vidonda hawakuweza kuusikia uzi wa gramu kumi. Ukimsikia muuguzi wa Dar es Salaam anasema "mguu hauna mlinzi", anatumia kipimo kilichopatikana mahali ambapo watu waliwahi kufungiwa mbali na jamaa zao.

Carville ilianza mwaka 1894 kwenye shamba la zamani la miwa, na kwa miongo mingi aliyeingia hakuruhusiwa kutoka apendavyo. Mwaka 1966 alihamia hapo daktari wa upasuaji, Paul Brand, Mwingereza aliyezaliwa India mwaka 1914 kwa wazazi wamisionari. Alikuwa ametumia karibu miaka ishirini Vellore, kusini mwa India, akitengeneza upya mikono iliyokunjamana kwa ukoma. Wakati ule iliaminika sana kwamba nyama ya mwenye ukoma ni mbovu, inaoza na kudondoka yenyewe. Brand hakukubali. Kuna kisa alichopenda kukisimulia: kufuli lenye kutu lilimshinda yeye kufungua, mtoto wa miaka kama kumi akauchukua ufunguo akauzungusha kwa wepesi, na damu ikadondoka. Ufunguo ulikuwa umemkata kidole hadi mfupa unaonekana, na mtoto hana habari. Tangu hapo Brand alizidi kuamini kwamba ukoma wenyewe hauli vidole. Ukoma unaua mishipa ya fahamu, kisha kufuli, jiko, kiatu na msumari vinamaliza kazi.

Marekani alikuta kwamba wenye kisukari wanapoteza miguu kwa njia ile ile. Mtu anayekanyaga bila maumivu anakanyaga vibaya, na harekebishi.

Hapo ndipo alipopata wazo ambalo mimi niliona ni langu. Yeye na wahandisi waliomsaidia waliamua kutengeneza maumivu ya bandia: glavu na soksi zenye vihisi vidogo, kila kimoja kisahani cha chuma kidogo kuliko kitufe cha shati, ambacho kikibanwa ukinzani wake wa umeme unabadilika. Umeme ukibadilika kupita kiasi, mgonjwa anajulishwa kwamba anajiumiza. Nilisoma habari hizo nikiwa nimekaa chini dukani kwa Mama, kati ya vipande vya kaki na bluu, na kwenye meza yake kulikuwa na kopo zima la vitufe vya shati.

Chuma sikukitaka, kwa kuwa chuma ndani ya kiatu ni pini nyingine. Nilitaka kitambaa. Niliagiza nje kipande cha nailoni iliyopakwa fedha, laini kama bitana ya koti, na karatasi moja ya plastiki nyeusi iitwayo Velostat, jamii ya ile ya mifuko ya kuhifadhia vipuri vya kompyuta visiunguzwe na umeme tuli. Muundo wake ni rahisi kama sambusa iliyobanwa: kitambaa, plastiki, kitambaa. Waya wa mita unaunganisha kitambaa cha juu, mwingine cha chini, halafu unabonyeza na kusoma.

Plastiki ile nyeusi ni masizi. Sisemi kwa mfano, ni chembe za kaboni zilizokandwa ndani ya plastiki, na aliyezipa umaarufu katika kazi hii ni Thomas Edison. Mwaka 1877 simu ya Bell ilikuwa na mwaka mmoja tu na sauti yake ilikuwa dhaifu, maana umeme wote ulitokana na nguvu ya sauti yenyewe. Edison alitaka sauti iwe bawabu tu, ifungue na kufunga mlango wa umeme unaotoka kwenye betri. Alijaribu vitu vingi mpaka akafikia masizi. Kwenye karakana yake ya Menlo Park, New Jersey, kulikuwa na kibanda cha taa za mafuta zilizoachwa zifuke moshi usiku na mchana, na mtu wa kukwangua vioo vyake. Aliyesoma kwa kibatari anayajua masizi hayo: asubuhi ukipenga kamasi, leso inatoka nyeusi. Edison aliyakandamiza yakawa kidonge, akakiweka kati ya mabamba mawili ya chuma. Sauti ikibana kidonge, umeme unapita zaidi, ikiachia, unapungua. Simu za dunia zilitumia kaboni kwa namna hiyo kwa karibu karne nzima.

Edison alidhani masizi yenyewe hubadilika yanapobanwa. Baadaye ilieleweka kwamba kinachobadilika hasa ni mahali chembe zinapogusana. Fikiria daladala. Saa nne asubuhi abiria wamekaa mbalimbali, na ukitaka kupitisha nauli kutoka nyuma hadi kwa konda inabidi uinuke. Saa moja jioni hakuna pa kutia mguu, bega kwa bega, nauli inapita mkono kwa mkono mpaka mlangoni. Abiria ni wale wale, wamebanana tu.

Na daladala ina tabu yake: watu wakishabanana, hata nusu wakishuka, waliobaki hawarudi mara moja kukaa walivyokuwa. Hilo niliokota kwenye mita siku ya kwanza. Niliweka kihisi mezani, juu yake kibao cha ukubwa wa sarafu ya mia mbili, juu ya kibao paketi za unga za kilo moja moja. Bila uzito mita ilisoma ohm 21,000. Kilo moja, 3,200. Kilo mbili, 1,700. Kilo tano, 740. Nilifurahi kama mtoto. Nikaanza kupunguza: nilipobakiwa na kilo mbili mita ilisoma 1,250 badala ya 1,700. Nikaacha kilo mbili zile zile nikaenda kunywa chai, niliporudi namba ilikuwa imeshuka zaidi, na hakuna aliyegusa. Kihisi kinakumbuka kilichokipata, na kinachoka. Edison naye ilimpata. Mwaka 1878 alisafiri na chombo chake cha kaboni hadi Rawlins, Wyoming, kupima joto la miale ya nje ya jua wakati limepatwa. Chombo kilikuwa chepesi kusikia kiasi kwamba sindano iliruka ikapita mwisho wa kipimo, naye akarudi bila namba ya kuaminika.

Kilichoniokoa ni Mama. Nilimpa kihisi cha pili anishonee kingo, naye akakipiga mshono wa cherehani, mzuri, ulionyooka. Mita ikasoma ohm 900 bila uzito wowote. Niliona kimeharibika. Mama alikichukua, akakipapasa kati ya vidole, ambavyo ganzi ilikuwa bado haijavifikia. "Baba, si umekifunga mkanda? Kimekwisha kubanwa na uzi kabla hujakikanyaga." Akafumua, akapiga bandi kwa mkono, hatua ndefu, uzi umelegea, pembeni tu. Ohm 19,000. Ni yeye pia aliyeona kwamba kitambaa cha fedha kinachomoka nyuzi, na uzi mmoja ukivuka ukingo unagusa kitambaa cha upande wa pili na kila kitu kinasoma sifuri. Dawa yake ilikuwa kukata plastiki ya katikati iwe kubwa kuliko vitambaa kwa nusu sentimita kila upande. Baadaye nilikuta ushauri huo huo kwa mafundi wa Ulaya wanaofanya kazi hii kwa miaka. Mama alitumia dakika tano.

"Hii si zari tu hii?" aliniuliza siku hiyo, akiinua kitambaa cha fedha kwenye mwanga.

Nilimwambia hapana, hii ni teknolojia mpya. Nilikosea. Alifungua sanduku lake la mabaki akatoa kipande cha joho la zamani alilowahi kupewa na mteja kulifanyia marekebisho, nyuzi zake zimefifia. Niligusisha mita ncha mbili za uzi mmoja. Ikalia. Zari ya kale ni utepe mwembamba wa fedha uliozungushwa juu ya uzi wa hariri au pamba, kisha ukapakwa dhahabu, kazi ambayo mji wa Surat nchini India umejulikana nayo kwa karne nyingi, na joho na bushuti za wakubwa wa pwani yetu zilitariziwa kwa nyuzi za namna hiyo. (Zari ya sasa ya Kariakoo niliipima pia. Ni plastiki inayong'aa, haikulia.) Na wakati Rehmi Post na Maggie Orth wa chuo cha MIT, Marekani, walipochapisha mwaka 1997 majaribio yao ya mavazi yenye umeme, moja ya vitambaa walivyotumia ni hariri nyembamba ya kung'aa iliyokuwa ikifumwa India tangu zamani: mtande wa hariri tupu, mshindio wa hariri iliyozungushiwa utepe wa shaba. Walichokigundua si kitambaa. Waligundua kwamba kitambaa hicho tayari ni waya. Waliweka tabaka mbili zake, katikati wakatia kitambaa laini chenye matundu, na ukibonyeza kwenye tundu tabaka hizo zinakutana. Masultani wetu walitembea na nyaya mabegani.

Soli ya kwanza ilikuwa tayari Desemba. Vihisi vitatu: kisigino, chini ya kidole gumba, na chini ya pale palipokuwa kidole cha mwisho. Kibodi kidogo cha Arduino na betri ndani ya mfuko wa kanga kiunoni, na kengele ndogo ya kulia. Niliiwekea mpaka: uzito ukizidi kiasi fulani, ilie. Ililia kila hatua. Bila shaka ililia, mtu akitembea anaweka mwili wote juu ya mguu mmoja. Nikaupandisha mpaka, ikalia kwenye ngazi tu. Nikaupandisha tena, ikanyamaza kabisa, nikaona sasa tumefika. Wiki ya pili ya Januari, sare zimejaa hadi kwenye kitanda cha wageni, jasho la Dar es Salaam liliingia ndani ya soli. Jasho lina chumvi, na chumvi inapitisha umeme. Kengele ililia mfululizo Mama akiwa amekaa anakunywa maji. Alichomoa betri, akaiweka ndani ya kopo la vitufe, akaendelea kushona.

Niligomba. Alinisikiliza mpaka mwisho. "Watoto wanaripoti shule Jumatatu," akasema.

Nilirudi kusoma mwisho wa kisa cha Brand, ambao nilikuwa nimeuruka. Vihisi vyake vilikufa kwa jasho na kutu, na chuma kilichoka kwa kukunjwa kunjwa. Lakini hayo hayakuwa makubwa. Walianza kwa sauti sikioni, na wagonjwa waliizoea, wakaipuuza. Wakaweka taa, ikapuuzwa. Mwishowe wakaweka kishindo cha umeme kwapani, mahali ambapo mwili bado unasikia, kiume kweli. Basi mgonjwa akiwa na kazi anayotaka kuimaliza, kwa mfano skrubu iliyokaza, alizima chombo, akakaza skrubu, akakiwasha tena. Hawakuwa wajinga. Maumivu yenye swichi si maumivu, na Brand, baada ya miaka ya kazi na fedha nyingi, aliuacha mradi.

Kuna jaribio lake lingine lililonisumbua zaidi kuliko hilo. Nyayo za panya ziligongwa na mashine, kwa nguvu ambayo ikigonga mara moja haiumizi kitu, lakini maelfu ya mara kwa siku, siku baada ya siku. Zilivimba, zikapata vidonda. Mguu mzima wenye akili zake ungebadili namna ya kukanyaga mapema, ungechechemea.

Niliweka kitabu chini nikatazama mguu wa Mama. Kisigino kimetulia, sehemu ya mbele inapanda na kushuka juu ya kanyagio la chuma, tak, tak, tak, bila kubadili mahali. Mwaka mzima nilikuwa namwinda mwizi wa pini, mkandamizo mmoja mkubwa, na mwizi mwenyewe alikuwa amekaa chini ya cherehani mchana kweupe.

Niliacha mpaka wa uzito. Nikavifunga vihisi ndani ya nailoni isiyopitisha maji, nikabadilisha programu isipime tena nguvu kwa gramu, jambo ambalo kihisi changu hakiliwezi kwa uaminifu, bali ihesabu: umebanwa, umeachiwa, moja. Hilo kinaliweza hata kikiwa kimechoka. Alhamisi moja, kabla ya adhuhuri, kihisi cha mbele kilihesabu 11,340. Nilimwonyesha Mama namba hiyo kwenye simu. Aliitazama muda mrefu, kama anavyotazama kitambaa kilichokatwa vibaya na mtu mwingine.

"Kila siku?"

"Kila siku, Mama."

Hakuacha kushona, na sikutegemea aache, maana cherehani hiyo ndiyo iliyonisomesha. Alichofanya ni kumwita binti anayejifunza kazi kwake, akamfunga yeye ule mfuko wa kanga kiunoni. Nilikuwa nimeshabadilisha waya, kibodi kinatuma habari hewani. Sasa kila kihisi kikihesabu elfu mbili, kengele inalia kwa binti, si kwa Mama. Binti haulizi. Anasema, "Mguu, bibi," bila kuinua macho kwenye kazi yake, na Mama anabadilisha mguu au anasimama, mara nyingine akilalamika kwamba nyumba hii siku hizi ina wakubwa wengi.

Jioni bado anakaa na kioo kidogo anakagua nyayo, kama alivyofundishwa kliniki. Kliniki za mguu wa kisukari hazikuwepo wakati wa bibi yangu. Tanzania, pamoja na India, Bangladesh, Sri Lanka na Nepal, ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza kufundisha wauguzi na madaktari wake kazi hii, mwanzoni mwa miaka ya 2000, katika mpango ulioitwa Step by Step. Kioo na uzi wa nailoni havina betri.

Wiki iliyopita kihisi cha mbele kilianza kuhesabu pungufu. Tulikifungua. Fedha ilikuwa imekuwa nyeusi mahali pale pale pa kanyagio, duara kamili la ukubwa wa sarafu, na plastiki chini yake imelainika. Nilichukua picha kwa ajili ya daftari langu. Mama alikuwa ameshatoa wembe, anafumua bandi, na mkono wa pili ameunyoosha kwangu bila kunitazama, anasubiri nimpe kitambaa kipya.